Amin za Bi Mwanakheri

Leo nimefasiri saa nzima bila kukwama, mimi niliyekuwa nikijificha watalii wakiuliza njia.

Kiingereza nnajifunza kwa riwaya za upelelezi. Vitabu vya sarufi vinanipa usingizi.

Kila alasiri nnazisoma kwa sauti kama tulivyosomeshwa chuo cha Kurani, huku nnajitikisa. (Msinicheke. Ndivyo ulimi unavyolainika.)

Leo kitabuni maiti ndiyo kwanza imeonekana, nkasikia hodi.

Jirani yangu Bi Mwanakheri, kashikwa mkono na mkwewe wa Kizungu, mke wa mwanawe, aliyefika juzi. Mwana katoka, wao wawili wanatazamana tu. Mkwe kanisikia kupitia ukuta, akamvuta mpaka kwangu.

Nikakaa kati yao. Wakaulizana habari za mimba, za mama mzazi kule Ulaya, mpaka za chumvi kwenye mchuzi. Wakaishia kukumbatiana.

Kisha Bi Mwanakheri akanigeukia kwa haya.

"Kumbe Kiingereza, mwanangu? Mwaka mzima mie nlidhani wasoma dua. Kila ukinyamaza, naitikia amin."

Nyinyi mnaosoma kimoyomoyo, hebu niambieni, nani anakuitikieni?

Maana zile amin zake, naona zimepokelewa.