Mama Aliyekataa Kuchapa Uongo Wangu

Juzi nilikuta duka la uchapaji lililo karibu na mahakama, hapa Eldoret, limefungwa na tangazo la mazishi limebandikwa mlangoni. Mama aliyetuchapia barua na maombi ya kazi kwa miaka mingi ametutoka. Iliniuma, wasomaji wangu, kwa sababu mama huyo aliwahi kunikamata nikidanganya, nami sikuwahi kumwomba radhi.

Binti yangu alikuwa akiomba nafasi ya kusomea sheria kwa mara ya pili. Alipokataliwa mara ya kwanza, niliamua kwamba wasifu wake haukuwa na uzito. Baada ya kidato cha nne alikaa miaka mitatu kwa nyanya yake huko Soy, akiwa karani wa kikundi cha wakulima wa maziwa. Nikamwambia hayo ayafute. Rafiki yangu mmoja, wakili, alikuwa amemkaribisha ofisini kwake kwa wiki moja. Nikamsihi aandike barua ya kusema miezi mitatu, naye akaandika na kuipiga muhuri. Sisi wazazi tunaamini muhuri kuliko tunavyowaamini watoto wetu.

Tukaupeleka wasifu huo mpya dukani ukachapwe, lakini mama yule hakuwa mtu wa kuchapa kabla hajakuhoji. Alimuuliza binti yangu, "Kwa huyo wakili ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia tu, Mama. Ilikuwa wiki moja."

Nikakohoa. Mama akanigeukia. "Mzee, hii siwezi taipu. Msichana anaenda kusomea sheria, na unataka aanze na uongo?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nikakusanya karatasi zangu nikatoka kwa hasira, nikimwamuru binti anifuate. Hakunifuata. Yaliyoendelea alinisimulia baadaye: mama alimuuliza kuhusu ile miaka ya Soy, naye akamweleza habari za mkulima mmoja aliyeshtakiwa na wenzake kwamba anatia maji kwenye maziwa. Kikundi kilikuwa tayari kumfukuza. Binti yangu aliomba kwanza apewe siku chache, akawa anapima maziwa nyumbani kwa yule mkulima na kuyapima tena yanapofika kituoni. Nyumbani yalikuwa safi. Aliyetia maji ni mbebaji, njiani. Mimi babake sikuwa nimeyasikia hayo, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza.

"Hiyo ndio tunaweka juu kabisa," mama alimwambia, akachapa mistari minne bila kupamba neno.

Siku ya mahojiano, walimu walimuuliza zaidi kuhusu maziwa. Alipata nafasi, na sasa yuko mwaka wa tatu. Mimi nilifurahi kama mzazi yeyote, kisha nikaanza kupeleka kazi zangu za uchapaji mtaani Pioneer, eti huko ni karibu. Kilikuwa kiburi tu. Mwanamke ambaye hakuwa na digrii hata moja aliona thamani ya mtoto wangu kwa dakika kumi, na badala ya kumshukuru nilimkwepa.

Mzazi mwenzangu, kabla hujamtafutia mwanao barua ya mtu mkubwa, keti naye umuulize amefanya nini, hata kama ni kazi inayokuaibisha. Familia ya marehemu imemwomba binti yangu, ambaye hakuacha kumtembelea mama dukani, azungumze mazishini. Nami nitaomba nisimame kando yake, niseme mbele ya watu wote kile nilichopaswa kumwambia mama yule akiwa hai: nilikosa, na asante. Nimechelewa, najua.