Rangi Juu ya Maji ya Lweba

"Neno hilo linatoka wapi?" Baba aliniuliza.

Alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Vita vilikuwa vimetutoa mji wa Baraka, tukajibanza kwa shangazi yangu katika kijiji cha Lweba, kando ya ziwa, kisha Baba akapanda boti kwenda Uvira kutafuta chaki. Asubuhi ya kuondoka aliokota ndagala mmoja mbichi kwenye kapu la shangazi, akamgeuza-geuza juani.

"Rangi hizi za upinde wa mvua, zinazocheza ukimgeuza samaki. Kifaransa kina neno lake moja. Litafute. Nikirudi utanijibu."

Nililipata siku hiyohiyo katika kamusi yake kuukuu: *irisé*. Nikamngoja.

Siku aliyotarajiwa, risasi zilisikika upande wa Mboko, ambako boti ingepitia. Baadaye rangi zilezile zikaja juu ya ziwa, utando mwembamba wa zambarau na kijani ukisogea kuelekea mchangani. Bamama waliokuwa wakianika ndagala waliacha kazi. Shangazi alichota maji kwa kiganja, akanusa petroli.

"Iko esansi. Boti yabo imezama."

Nilimwambia esansi inathibitisha tu kwamba esansi imemwagika.

"We na masomo yako," alisema. "Enda utandike mikeka."

Kwetu, ziwa likimchukua mtu, kilio hakingoji mwili. Kufikia adhuhuri ua ulikuwa umejaa. Mama aliketi chini, kichwa wazi. Mimi niliyebisha nililia kuliko wote.

Baba alitokea barabarani, viatu mkononi, vumbi hadi magotini. Akaitazama mikeka.

"Nani amekufa?"

"Ni weye," jirani mmoja akamjibu, akimsogezea mkeka. "Ikala basi, chakula iko karibu."

Mama alianza kucheka, akashindwa kunyamaza. Risasi ilikuwa imetoboa bidoni, dumu la esansi ya boti, injini ikazimika. Wakapiga makasia hadi Mboko, na kutoka hapo akaja kwa miguu. Hakuna aliyeondoka. Sombe ya kilio, kisamvu cha wafiwa, tuliimaliza pamoja na marehemu, naye akajiongezea mara mbili.

Halafu akaniita. "Na lile neno?"

"*Irisé*."

"Linatoka wapi?"

Nilimshika mkono wa shati.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma kwamba linatokana na Iris. Ndivyo Wagiriki wa kale walivyouita upinde wa mvua, na pia walivyomwita mungu wa kike waliyeamini kuwa ndiye anayeleta habari kutoka kwa miungu.