Jicho Lililokataa Kufumba

"Kwako hatuji kulima. Sisi tukiomba, wewe unatukodolea jicho."

Ni mwenyekiti wa mwethya huyo, akimwambia mjane mmoja mbele yetu sote kwenye mashine ya kusaga unga hapa Kanyangi. Mwethya ni akina mama wanaolimiana kwa zamu, na hawashiki jembe kabla ya sala.

Mjane huyo aliamka siku moja upande wa uso umepooza. Mdomo umeanza kurudi mahali pake, jicho bado. Alilifunga kwa kidole. Alipotoa kidole, likafunguka tena, likitoka machozi.

"Mwaitu, mama yangu, hata nikilala linabaki hivi," alisema. "Daktari ameniambia ningoje."

"Basi na shamba lingoje," mwenyekiti akajibu. Wenzake wakacheka.

Mimi shule sikukaa sana, lakini nauliza: ninyi mlioomba mkiwa mmefumba macho, jicho lake mlilionaje?

Mama huyu amewalimia nyote, hata akiwa na uso huo mgonjwa, na mawingu yameshaanza kukusanyika. Mna deni lake la siku moja ya jembe. Nendeni mkamlimie.