Marehemu Alisaini Kazi Wiki Moja Baada ya Mazishi

Bosi wangu tulimzika. Nilikuwepo. Udongo niliutupa kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki iliyofuata akasaini kazi.

Sisemi nilimwota, wala sisemi mzimu. Nasema jina lake, saini yake, na alama ya kijani pembeni inayosema: huyu ni yeye, hakuna shaka.

Laiti ungekuwa mzimu kweli. Mzimu ungenisumbua kidogo tu ukaondoka.

Naanzia mbali kidogo ili tuelewane.

Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Si hizi za simu mnazopakua kila siku. Zangu ni za kompyuta za mezani zinazotumia mfumo wa Linux, si Windows. Ndugu zangu wanachojua ni kwamba "anafanya mambo ya kompyuta", kwa hiyo printa ya mtu yeyote ikigoma, ukoo mzima unanipigia mimi.

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la makochi. Tulikuwa watatu.

Wa kwanza bosi, Babu. Tulimwita hivyo ingawa hakuwa na mjukuu hata mmoja. Ni kwa sababu alianza kazi hii enzi za skrini zenye mgongo.

Wa pili mimi.

Wa tatu shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nilimfundisha kazi mwenyewe, tangu hajui kitu mpaka akaiva.

Programu yetu inakaa kati ya kibodi na skrini. Inawasaidia watu kuandika lugha zenye herufi ambazo kibodi za dukani hazina. Ukibonyeza herufi, inapita kwetu kwanza, ndipo unaiona.

Sasa fikiria. Nywila yako. Jina la mgonjwa zahanati. Barua ya wakili. Vyote vinapita kwetu.

Ndiyo maana Babu alikuwa mkali. Hakuna badiliko lililotoka kwenda kwa watumiaji bila kusainiwa, na waliokuwa na ruhusa ya kusaini ni wawili tu, yeye na mimi. Kila mmoja ana kifaa kidogo mfano wa flashi, tunakiita ufunguo. Unakichomeka, unaweka namba ya siri, unakigusa kwa kidole, cha yeyote yule. Bila kidole cha mtu aliye hai, hakuna saini.

Kidole cha mtu aliye hai. Hapo ndipo pa kushika.

Babu alianguka bafuni kwake asubuhi, akaenda moja kwa moja. Moyo. Jina lake kwenye mfumo lilikuwa linasubiri kikao cha taasisi inayotulipa ndipo liondolewe.

Niliporudi kazini nikakuta lalamiko la mtumiaji mmoja, wakili.

"Tangu toleo jipya, herufi zinachelewa. Nikiandika jina la mtu, kompyuta inasita kama vile inasoma."

Toleo jipya? Nani alitoa toleo jipya wakati sote tulikuwa msibani?

Nikafungua kumbukumbu za mabadiliko. Ndipo nikaiona saini ya Babu.

Maelezo yalisema: "Kusafisha mafaili ya zamani." Nikasoma mstari kwa mstari. Ilikuwa inasafisha kweli. Lakini katikati ya usafi huo kulikuwa na kipande kinachonakili kila kinachoandikwa na kukituma mahali nje.

Nikakisoma tena kile kipande, nisije nikakosea.

Nikaliondoa toleo lile palepale, nikarudisha la zamani, kisha nikampigia wakili.

"Mheshimiwa, zima intaneti kwenye hiyo kompyuta. Sasa hivi. Kuna mtu anasoma unachoandika."

Nikasikia akichomoa waya.

"Mheshimiwa?"

"Ninatetea wafanyakazi wa kiwanda cha rangi," akasema polepole. "Wale walioharibika mapafu. Majina ya mashahidi wangu niliyaandika kwenye kompyuta hii. Mmoja amevamiwa juzi, akapigwa vibaya. Tulikuwa tunajiuliza wamemjuaje."

Nikakaa chini. Yaani sikukaa kwenye kiti, nilikaa sakafuni.

Ni nani? Moyoni nilishajua.

Wanaoandika msimbo wa programu kila mtu ana mwandiko wake, kama wa kalamu. Yupo anayebana mistari, yupo anayeiachia. Kile kipande nilikitambua kama unavyotambua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Vile vijina vifupi vifupi, ile mistari miwili mitupu kila anapomaliza jambo. Nilimgombeza miaka kwa mistari ile.

Shemeji.

Nikaenda kwao. Dada ndiye aliyefungua mlango, akanikumbatia.

"Mdogo wangu, mbona umepauka hivyo? Umekula?"

Shemeji alikuwa kwenye kochi. Aliponiona na kompyuta kwapani, akazima televisheni.

Nikaifungua, nikamwekea mapajani.

"Soma."

Akaangalia kidogo tu, akageuza uso.

"Shemeji, nani kaandika hii?"

"Mimi."

Hivyo tu. Hata kubisha hakubisha.

"Na ufunguo wa Babu umeupata wapi?"

"Niliuchukua kwenye droo yake ya nyumbani. Siku nilipokwenda kufuata kompyuta ya ofisi. Namba ya siri sote tulikuwa tunaijua, alikuwa anaibonyeza mbele yetu."

Dada akapiga ukelele. Akamrukia, akamzaba kibao, akalia, "Umetuua! Umetuua mume wangu!"

Mimi ndiye niliyemshika dada asimuumize. Nikambembeleza begani kwangu mpaka akatulia.

"Kwa nini?" nikamuuliza shemeji.

"Waliniahidi kazi nje. Familia nzima tuondoke. Walisema ni kompyuta moja tu wanataka kuiona."

Ikabidi kufungua mlango wa maelfu ya watu ili kumchungulia mmoja.

Nikamwambia, "Kesho asubuhi nakwenda kutangaza. Na polisi nakwenda. Ukitaka kutangulia mwenyewe, tangulia."

Dada akaniangalia. "Utamfunga baba wa wanangu?"

Nikachukua kompyuta yangu. Nikaondoka.

Taarifa niliiandika wazi, kwa kila mtumiaji. Nini kilitokea, nini kilichukuliwa, wafanye nini. Matusi niliyopokea, acha tu. Mwingine aliniandikia kwamba programu yetu ndiyo iliyokuwa inamwezesha mama yake kuandika kwa lugha yake, na sasa mama anaogopa hata kuigusa kompyuta. Huyo hakutukana. Ndiye aliyeniumiza zaidi.

Shemeji alitangulia mwenyewe polisi. Akakiri yote, akakabidhi na ufunguo. Mpelelezi, mama mmoja mpole wa sauti, akaandika maelezo yake na yangu.

Watu wale walioahidi kazi? Namba zao za simu zilishakufa. Kiwanda kikasema hakijui lolote.

Wakili akaniomba twende hospitali. "Sikulaumu," alisema. "Nataka tu uone."

Shahidi alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kile, mtu mzima. Taya lilikuwa limefungwa kwa waya, jicho moja limezibwa kwa bandeji. Mkewe alikuwa anamnywesha uji kwa mrija. Wakili akamwambia mimi ni nani.

Mke akaacha kumnywesha, akanitazama.

"Ni nyie mliotoa jina la mume wangu?"

"Ni mmoja wetu, mama."

Akarudi kwenye uji wake. Hakunifukuza, wala hakunikaribisha. Nilisimama pale mpaka bakuli likaisha.

Mashahidi wengine walijitoa. Wala sikushangaa. Kesi ikafa.

Hapo nikadhani nimefika mwisho. Kumbe bado.

Nilikuwa sijakwenda kwa mke wa Babu. Aibu ilinizuia. Jina la mumewe lilikuwa limepakwa matope mtandaoni, watu wakiuliza kama kweli amekufa. Nikajikaza nikaenda.

Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa niaba ya ofisi na ukoo wetu.

"Mama, nisamehe. Shemeji yangu aliingia humu kama mfiwa, akakuibia kwenye droo ya mumeo."

Akakunja uso. "Droo gani?"

"Ya Babu. Ufunguo wake wa kazi."

"Ufunguo ule haujawahi kukaa kwenye droo, mwanangu. Alishaupoteza mara mbili, akahangaika kama mwehu. Nikamshonea mfuko ndani ya koti. Ulikuwa hautoki humo ila akiwa kazini."

Nikainuka kutoka magotini.

"Basi koti lilikuwa wapi?"

"Si lilikuwa humu ndani, siku ile tuliyopanga nguo za marehemu za kugawa. Dada yako alikuwa hapa tangu asubuhi, ananisaidia, Mungu ambariki. Macho yangu hayaoni uzi. Nikamwambia, fumua huo mfuko, utoe hicho kidude, umpelekee mdogo wako kazini." Akanitazama kwa mshangao. "Hakukupa?"

Hakukupa.

Neno moja tu. Nilitoka pale sijui kama niliaga.

Dada nilimkuta uani anafua sare za watoto. Ana mabinti wawili.

"Dada, mke wa Babu alikupa nini uniletee?"

Mikono ilisimama ndani ya povu. Hakuinua kichwa.

"Dada, nijibu."

"Si ameshakiri?" akasema. "Amesema ni yeye. Mwache awe yeye."

"Alikuwa anakulinda."

"Ni mume wangu. Anilinde nani kama si yeye?"

Kisha akafunguka. Watu wale hawakuanza na shemeji. Walianza na yeye, saluni kwake. Mteja mmoja wa kusuka, mwanamke mcheshi, aliyejua kuuliza. Mumeo anafanya wapi? Na mdogo wako? Kumbe! Mbona kipaji kama hicho kinaozea chumba cha juu ya makochi?

Shemeji alikataa. Alikataa tena na tena.

"Nililia mpaka akachoka," dada akasema. "Babu alipokufa, na kile kidude kikaangukia mkononi mwangu, nikaona Mungu mwenyewe amefungua njia."

"Mungu?"

"Usinihukumu! Wewe tangu utotoni ndiye wa kusifiwa. Mwenye akili ni wewe, wa kusomeshwa ni wewe. Mimi nilishikwa mkono na nani? Hata mume wangu kazi alipewa na wewe. Nyumba yangu nzima inakula kwa hisani yako!"

Nikakumbuka nilivyombembeleza begani kwangu. Kibao kile. Machozi yale.

"Mtu amevunjwa taya, dada."

"Sikumvunja mimi."

Akakamua sketi, akaitundika kwenye kamba, akaibana vibanio kwa uangalifu kama mtu asiye na neno.

"Ukinisema," akasema, "wanangu watakuwa hawana baba wala mama. Jipime."

Nikajipima.

Taarifa ya kwanza, ile ya maelfu ya watu nisiowajua, niliituma bila kusita. Hii ya pili ilikuwa ya kutamkwa kwa mtu mmoja tu, mpelelezi yule mpole, na nilikwenda hadi mlangoni kwake nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi tena. Nilijiambia mhalifu ameshapatikana, nani amekuuliza? Nilijiambia watoto wana kosa gani?

Lakini kila nikifumba macho namwona mwanamke mwenye bakuli la uji. Nilimwambia "ni mmoja wetu". Walikuwa wawili. Nilikuwa nimemdanganya, ingawa bila kujua, mbele ya mumewe asiyeweza hata kufungua mdomo.

Mara ya tatu nikaingia.

"Una la kuongeza kwenye maelezo yako?" mpelelezi akaniuliza.

"Ninalo," nikasema.

Dada walimchukua saluni, mbele ya wateja. Nasikia hakupiga kelele. Aliomba tu amalizie nywele za mtu aliyekuwa kwenye kiti, wakamkatalia.

Wote wawili wamefungwa. Shemeji alipojua ni nani aliyesema, aliniletea ujumbe kwa wakili wake: nisimtembelee tena.

Mabinti ninaishi nao mimi. Mama yetu amehamia kwangu kunisaidia kuwalea. Anawapikia, anawasuka, anawapeleka shule. Mimi hanisalimii. Sahani yangu anaifunika mezani, lakini nikiingia jikoni yeye anatoka. Jana mkubwa alimuuliza, "Bibi, kwani mama mdogo amekukosea nini?" Mama akamjibu, "Muulize mwenyewe."

Hajaniuliza bado. Atauliza. Nami nitamjibu ukweli, na sijui baada ya hapo ataniita nani.

Kazini nimebaki peke yangu. Watumiaji wengi wametuhama. Waliobaki wananiandikia herufi fulani haitoki, nami ninairekebisha. Kila badiliko sasa linasainiwa na mimi pamoja na mtu wa nje ya ofisi, mtu nisiyemjua na asiyejua kwetu ni wapi. Niliomba iwe hivyo.

Kama kuna kitu cha watu wengi umekabidhiwa, uwe ufunguo, dawa, au siri zao, nisikilize. Usijiulize utamfanya nini mwizi. Hilo ni jepesi, kila mtu ana jibu. Jiulize utafanya nini mwizi akiwa ametoka tumbo moja na wewe. Na amua leo, ukiwa umetulia. Mimi nilisubiri siku ile inifikie, nikaamua huku nalia, na mpaka leo kuna mtoto mezani kwangu ninayeshindwa kumtazama usoni.