Behewa Nililolisugua

Juzi dukani Ukunda niliona garimoshi la kuchezea, jipya linang'aa, nikakumbuka siku moja ya utotoni.

Mama alikuwa akifua nguo kwa mzee mmoja Mjerumani, Kinondo. Siku hiyo niliingia chumba chake cha kazi; kilinukia gundi na rangi, na mezani reli ndogo zilizunguka milima ya karatasi. Nikaona behewa moja limejaa kutu. Nikalipeleka bombani, nikalisugua kwa makumbi ya nazi na jivu kama sufuria. Nilitaka Mama asifiwe.

Mama alipoliona alishika kichwa. "Wewe mwana, umenimaliza! Kazi ndiyo imekwenda hivyo."

Mzee akaingia. Nikamwambia shikamoo mara tatu. Akaligeuza behewa mkononi.

"Kutu ile niliipaka mwenyewe," alisema. "Wiki mbili."

Nikadhani ana wazimu. Nani hupaka kitu uchafu? Sikujua bado kwamba alitaka lifanane na behewa la kweli lililofanya kazi miaka mingi.

Mama alikuwa ameshaanza kuvaa buibui lake. Mzee akanipa brashi nyembamba na rangi ya udongo.

"Kaa. Anza na magurudumu."

Mama hakurudi kufua. Alisimama mlangoni, buibui nusu mwilini, akiniombea dua kila nilipochovya brashi.