Wifi Yangu Futi na Nyumba Tunayopanga

Mtaani wanamwita wifi yangu Futi, kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni. Ni fundi cherehani, dada mkubwa wa mume wangu. Ukimpa nguo, huigeuza ndani nje kwanza. "Uso wa nguo mwongo," husema. "Nionyeshe mshono."

Siku moja dalali alimleta kuangalia nyumba inayouzwa. Kumbe ni hii hii tunayopanga mimi, mume wangu na mtoto, chumba cha mwisho karibu na bomba. Roho iliniuma. Ua huu nimeufagia tangu niolewe, halafu yeye ndiye awe mwenye nyumba wangu? Nimwombe ruhusa hata ya kupiga msumari?

Na mume wangu hana pazia mdomoni. "Dada ana akili inayoona mbali."

"Yangu inaishia mlangoni," nikamjibu. Akajifanya anambembeleza mtoto, na mtoto ameshalala.

Dalali alisifu rangi, akasifu geti, akasifu barabara. Futi hata hakumtazama. Alizunguka nyuma, akanusa mtaro, akagonga kuta kwa kidole, akaenda zake. Alirudi peke yake mvua ikinyesha, viatu mkononi. Akaketi kitandani kwangu, akampakata mtoto.

"Wifi, wewe ndiye unayeshinda humu. Hebu niambie."

Nikaona hapa hapa ndipo pa kumkatisha tamaa. Nikamwaga yote, tena kwa sauti ya huruma. Maji ya bomba yanatoka alfajiri tu. Choo kinafurika mvua ikizidi. Chumba cha mbele wapangaji hawakai, jua la mchana linawaoka kama mikate. Ukuta huu unalia maji, ndiyo maana mtoto anakohoa. Na jirani wa nyuma anagombea mpaka, kwa hiyo hati yenyewe mtu aiangalie vizuri. Sikutia chumvi, wala haikuhitajika.

"Ningekuwa wewe, wifi, ningekimbia."

Alikuwa anapima kwa futi lile doa la maji ukutani. "Ahsante, wifi yangu," akasema. Alipotoka nilipika huku naimba.

Kumbe maneno yangu aliyabeba yote hadi kwa mwenye nyumba, akamtolea moja moja, kama mtu anayerudisha nguo iliyoshonwa vibaya. Kwanza akataka mpaka upimwe, jirani akiwepo, na hati ikaguliwe ofisi ya ardhi. Walipomaliza hayo wakaingia kwenye bei. Ikashuka kwa sababu ya bomba. Walipofika chooni ikashuka tena. Akanunua.

"Bila wewe ningenunua rangi," aliniambia mbele ya watu.

Dalali akanitania, "Shemeji, nyumba nyingine nikiuza, nenda kwenu ukasalimie."

Nilicheka meno tu.

Fundi mwashi alipokuja, nilijua ataanza na geti, watu wapite waone. Futi akamleta moja kwa moja chumbani kwangu. Ule ukuta ulibomolewa, ukajengwa upya, na nje wakachimba mtaro wa kupeleka maji mbali. Kodi hakupandisha.

Mtoto hakohoi tena. Nashukuru, na nilimwambia hivyo, kodi nikimpa kwa mikono miwili. Lakini kila mvua ikinyesha naupapasa ule ukuta, toka chini mpaka mkono unapofika, natafuta hata tone moja. Mkavu.