Mawe ya Samaki Kwenye Kinu

Sikusoma sana, lakini nyumba yangu ya bati niliijenga kwa samaki wa kijito chetu, hapa kando ya njia iendayo Wamaza. Wachimba dhahabu walipofungua machimbo kule juu, tope likafunika mawe yote yanayoota majani ya maji. Samaki hutaga na kujificha mule. Majani yakafa, samaki wakaisha.

Halafu nikasikia redioni: kule pwani watu wanakata vipande vya matumbawe, yale mawe yenye uhai ya baharini, wanavipanda palipoharibika, na samaki wanarudi. Nikasema, wao wanaweza bahari, sisi tutashindwa na kijito? Machimbo yalipohama na maji kutakata, mimi na majirani tukapanda mpaka kwenye maporomoko, ambako tope halikufika, tukabeba mawe yenye majani mabichi ndani ya beseni za maji, tukayapanga chini ya kijito. Nilichagua meupe, nipate kuyaona toka ukingoni. Majani yakashika. Vitoto vya samaki vikaja.

Juzi asubuhi nafika, mawe hakuna. Nilisimama majini mpaka miguu ikafa ganzi.

Nikafuata matone ya maji njiani hadi machimbo mapya. Mama mmoja alikuwa anatwanga kwenye kinu cha chuma, jiwe langu ndani, majani yake yamesagika kijani kwenye unga mweupe.

"Papa," akaniita kama baba yake, "mbona unaangalia hivyo? Ni wewe ulificha?"

"Kuficha nini?"

"Mawe ya dhahabu. Meupe hivi ndiyo inabeba dhahabu. Huku wanaume wakipata jiwe zuri wanalizamisha majini, wenzao wasione. Haya ilikuwa imepangwa muzuri. Mutu hapangi mawe ya bure."

"Ni ya samaki."

Akacheka mpaka akaweka mtwangio chini. "Kumbe samaki iko na nyumba, na mimi nalala chini ya shitingi ya plastiki."

"Na dhahabu umeiona ndani?"

"Hata chembe." Hapo kicheko kikamwisha.

Nikatia mkono kwenye mfuko wa mawe uliokuwa kando yake. Chini yalibaki machache, bado majimaji.

"Nipe beseni. Yakikauka yamekufa."

Akayatia kwenye beseni, akayamwagia maji yake ya kunywa, akabeba mwenyewe kichwani, mimi nikatangulia. Kijitoni, pale palipobaki patupu, kitoto kimoja cha samaki kilikuwa kinazunguka. Nilipolaza jiwe, kikaingia chini yake.

"Na wengine watarudi, papa?"

Nikamwambia sijui. Ni neno ambalo kinywa changu hakijalizoea.